Mawaa Mawili ya Zambarau

Sweta hili nimelifumua mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa lile lile: nilizitazama rangi nikasahau hesabu.

Uzi wenyewe ni mafungu matano ya gramu 100, kila moja lina kama mita 220, umetiwa rangi kwa mkono. Zambarau, samawati, waridi iliyokolea, na vijipande vya manjano vinavyong'aa kama cheche. Niliyatundika kwenye mgongo wa kiti siku nne nzima, nikawa napita nayatazama tu. Nilipoyaloweka kwenye maji ya uvuguvugu, waridi ikachuja kidogo, maji yakatulia. Afadhali ichuje kwenye beseni kuliko kwenye shati utakalovaa ndani.

Mimi hupenda kuanzia shingoni na kuteremka. Hakuna kipande cha mbele wala cha nyuma. Unaanzisha vitanzi kwenye sindano ya duara, ile yenye ncha mbili zilizounganishwa kwa waya, kisha unazunguka, unazunguka. Nilianza na vitanzi 88: 30 vya mbele, 30 vya nyuma, 14 kwa kila bega. Mzunguko mmoja naongeza vitanzi 8, unaofuata siongezi kitu. Nikaongeza mara 32, nikafika 344. Hapo vitanzi vya mikono vinahamishiwa kwenye uzi wa kusubiria, kila kwapa linaongezwa 12, na kiwiliwili kinabaki na vitanzi 212. Kwa mkono wangu, vitanzi 22 kwa sentimita 10, hicho ni kifua cha sentimita 96.

Mama alikuwa ananiangalia. Yeye amefuma maisha yake yote kwa sindano mbili zilizonyooka, kipande kwa kipande, halafu anaunganisha.

"Mwanangu," akaniuliza, "nguo isiyo na mshono itashikwa na nini?"

Nikacheka. Nikamwambia huo ndio uzuri wake.

Sehemu ya juu ilikwenda vizuri mno. Rangi zilitawanyika kama mvua ya rasharasha, hakuna mahali zilipojazana. Basi nikavimba kichwa. Nilipopita kwapani nikafuma sentimita 12 usiku mmoja bila kutua macho, na asubuhi nikaona waa la zambarau ubavuni kushoto, kubwa kama kiganja. Nikaligeuza sweta: pacha wake yuko kulia.

Nikalilaumu fungu. Nikafumua, nikachukua fungu jingine, nikaanza tena pale pale. Mawaa yakarudi pale pale.

Ndipo nilipokaa na rula. Nilifumua vitanzi 10, nikaunyoosha uzi wake: sentimita 14. Vitanzi 212, basi, vinakula karibu mita 3 kwa mzunguko. Nikakunjua fungu ambalo sikuwa nimelivingirisha donge, nikapima duara lake: mita 1.5. Mtia rangi anamimina zambarau upande mmoja wa duara hilo, kwa hiyo zambarau inarudi kila baada ya mita 1.5. Mzunguko wangu ulikuwa unameza maduara mawili karibu kamili! Kila nikimaliza kuzunguka, zambarau inatua juu ya zambarau ya mzunguko uliopita, mara mbili, kushoto na kulia. Kule juu haikutokea kwa sababu idadi ya vitanzi ilikuwa ikibadilika kila mara, rangi hazikupata nafasi ya kuzoea mahali. Uzi haukuwa na hatia hata kidogo.

Ningeweza kupunguza vitanzi vichache, lakini kifua ni changu na nakijua. Nikatumia madonge mawili kwa zamu, mzunguko huu donge hili, unaofuata lile, la pili nikalianzisha kwenye manjano wakati la kwanza liko kwenye zambarau. Mahali pa kubadilishana nilipaweka chini ya kwapa ambapo hakuna atakayechungulia. Faida nyingine ni kwamba fungu moja lilikuwa limekolea samawati kuliko wenzake, kama kawaida ya uzi wa mkono, na kwa zamu zile likameza tofauti yake. Madonge mawili yanajisokota, hilo sitaficha. Kila baada ya mizunguko michache nilisimama kuyatenganisha huku nikinung'unika.

Mikono niliifuma kwa donge moja tu. Vitanzi 90 vinakula kama mita 1.26, pungufu ya duara moja, kwa hiyo kila mzunguko rangi husogea kidogo pembeni. Zikapanda mkono kwa mshazari kama mtambaazi. Kadiri nilivyopunguza vitanzi kuelekea kwenye kifundo, mshazari ukavurugika ukawa madoa. Nimeupenda, sikugusa.

Kisha nikalifua. Sufu hii ni ile iliyotibiwa isisinyae kwenye mashine. Magamba ya unywele wake yamelainishwa, nyuzi hazishikani sana. Sweta likanywa maji likarefuka sentimita 6, na shingo ikaanza kuteleza kuelekea bega moja. Nilimpelekea Mama likiwa limeshakauka. Hakusema "nilikwambia". Alichukua kulabu, akaligeuza ndani nje, akapitisha mnyororo mmoja wa vitanzi nyuma ya shingo, kutoka bega hadi bega, kwa uzi uliobaki. Akalivuta huku na huku, shingo haikusogea.

"Ulianzisha na vitanzi vingapi hapa?" akauliza.

"Themanini na vinane."

Akatikisa kichwa, akachukua fungu la mwisho kwenye kiti na kuanza kulivingirisha donge.