Siku moja na kingi weusi pale Kajjansi (panya, madoa, na yule bwana aliyelipa nusu)

Kila nikiulizwa kazi yangu ni nini nikajibu, mtu anacheka au anasogea pembeni kidogo, basi leo naandika siku moja tu, Jumanne iliyopita, vile ilivyokwenda. Mi ni mtoto wa kambi, nimekulia kambi ya polisi Nsambya, Kampala hapa Uganda, ndo maana Kiswahili kimenikaa mdomoni kuliko Luganda, baba alikuwa sajini na sidhani aliwahi hata kuota kwamba binti yake atakuja kulipwa mshahara kwa kuchagua nyoka weusi. Lakini ndo kazi. Nafuga kingsneki, sisi tunawaita kingi tu, nyoka wa kule Marekani na Mexico wasio na sumu, na kazi yenyewe hasa ni kuwazalisha kizazi baada ya kizazi mpaka watoto watoke weusi kuliko wazazi wao. Weusi ti, kama kitako cha sufuria ya kuni.

Saa kumi na moja alfajiri naamka, chai kavu, boda mpaka steji, teksi ya Entebbe Road, saa kumi na mbili na nusu nashuka Kajjansi. Kuna kondakta mmoja ananijua, huwa ananionyesha siti ya nyuma kabla sijafungua mdomo. Sawa tu, nyuma kuna hewa.

Saa moja ni panya. Hii sehemu hakuna anayeiweka kwenye video. Sisi hatuna pa kununua panya wa kugandishwa kama wenzetu wa ng'ambo, kwa hiyo tunawazalisha wenyewe, panya weupe, mabeseni arobaini na kitu yamefunikwa wavu, na kila asubuhi natoa maranda machafu, naweka masafi, mahindi, maji, nahesabu waliozaa. Harufu ya mkojo wa panya sio ya kutoka kwa sabuni jamani, inaingia kwenye nywele, inaingia kwenye mkoba, siku moja kanisani mama wa mbele yangu aligeuka mara tatu. Nyoka wenyewe hawanuki hivyo. Nikihesabu vizuri mi ni mfugaji wa panya ambaye pembeni ana nyoka.

Saa tatu ndo naingia chumba cha kingi. Thelathini na nane, kila mmoja na boksi lake, na hapo hakuna mjadala maana kingi anakula nyoka wenzake, hata hilo jina la ufalme limetokana na tabia hiyo. Kwao huko anameza mpaka nyoka wa njuga na sumu yake haimfanyi kitu. Ukiwaweka wawili boksi moja usiku, asubuhi unamkuta mmoja, mnene. Hata siku ya kupandisha nakaa palepale na koleo mkononi, nimeshamlisha jike vizuri kabla, kwa sababu kuna wakati dume anakuja na mapenzi jike anaona chakula. Maji, karatasi, mavi, maji, karatasi, mavi. Mmoja alinijambia ule ute wao wa kujihami mpaka kwenye kiwiko, unanuka sijui niseme nini, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) niliyokuwa nimeinunua steji nikampa mzee askari wa geti letu.

Kabla sijafika kwa yule bwana niseme kidogo kuhusu huo weusi, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilikaribia kulia. Hawa wetu ni kingi weusi wa Mexico, asili yao jimbo la Sonora na jirani zake, wataalamu waliwapa jina la nigritus mwaka 1955. Mkubwa akiwa safi ni mweusi wa kung'aa mwili mzima, ukimweka juani unaona kama samawati inapita juu ya gamba. Ila mtoto hazaliwi hivyo! Mtoto anatoka na vidoa vyeupe au vya njano njano, kidevuni, shavuni, ubavuni, na kila akijivua gamba weusi unavisogelea unavila, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka vinaisha au vinabaki vichache. Sasa kuna rangi za nyoka zinazokaa kwenye jeni moja tu, mfano zeruzeru, unakutanisha wazazi wawili walioificha unapata mmoja katika wanne kwa wastani, hesabu imeisha. (Jeni, sio jini. Jirani mmoja alisikia vibaya nikiongea na simu na mpaka leo watoto wake hawapiti upande wa geti letu.) Huu weusi sio wa jeni moja, ni vitu vingi vidogo vidogo vinachangia, kwa hiyo hakuna njia ya mkato, unachukua walio weusi zaidi katika kila uzao, unawaacha wakue, jike mpaka azae ni miaka mitatu hivi, unachagua tena. Na huwezi kupandisha ndugu kwa ndugu kila mara eti kwa sababu ni weusi, utakuja kupata vilema na mayai yasiyo na kitu. Mi nina daftari. Kila mtoto ana namba, na nahesabu magamba yenye doa upande wa kushoto wa kichwa na kidevuni, kwa tochi na lenzi, siku ya kwanza, miezi sita, mwaka. Namba 7 alianza na 31. Mkumbukeni namba 7.

Na baridi. Kingi wa huko analala wakati wa baridi na bila hiyo baridi madume mengine hayana habari na majike. Sisi tuko kwenye ikweta, baridi nitoe wapi? Kuna mtu alinishauri niwapandishe basi niwapeleke Kabale, kule milimani kwenye baridi, miezi miwili, nikacheka halafu usiku nikalifikiria kweli. Bosi akanunua friji ya soda iliyotumika, ikafungwa kidhibiti joto, digrii 12, na humo ndo madume yanalala, matumbo matupu, maji tu. Fundi wa friji alipokuja kutengeneza mlango alifungua bila kuuliza. Hajarudi kuchukua bisibisi yake.

Saa tano na nusu, geti.

Yule bwana alilipa nusu ya pesa mwezi wa tatu. Alikuwa aje peke yake, akaja na wenzake wawili na ile taa ya duara ya kupigia video, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Madam, nimekuja kuchukua black yangu. Nikasema karibu ssebo (yaani bwana), nikamletea namba 7, ana miezi sita, mzuri, anakula bila shida, ametulia. Akamwangalia. Akaangalia simu yake. Akamwangalia tena. "Huyu ana madoa." Nikamwambia ndiyo ssebo, wote wanazaliwa nayo, yanapotea, nikamwonyesha daftari, 31 yameshakuwa 26, nikamtoa mama yake namba 7 niliyempiga picha akiwa mtoto nikamwonyesha ile picha na mama mwenyewe mkononi mwangu, mweusi kama lami ya jana. Hapana, anasema, mi nililipia black, na huyu ni black and white. Nikaeleza tena. Akauliza kwa nini basi nisimpe huyo mama. Nikamwambia huyo ndo mzazi, huyo hauzwi, huyo ndo miaka yangu sita. Akauliza bei yake.

Mwenzake mmoja akawa anasema pembeni kwamba hawa tumewachanganya na wa California wenye mistari ndo maana, na hapo kidogo nilimheshimu kwa sababu hilo jambo lipo, kuna watu wanauza machotara kama weusi safi na yale madoa yao hayaishi, lakini kumbe alikuwa amelisoma kwenye simu dakika hiyohiyo kwa sababu nilipomuuliza chotara anatofautishwaje akanyamaza akaanza kurekebisha taa. Halafu yule bwana, na hapa naapa sijaongeza neno, akauliza kama siwezi kupaka yale madoa rangi ya viatu kwa ajili ya video tu. Kidogo tu, madam. Atajivua itoke.

Nikavuta pumzi kama baba alivyonifundisha, afande hapigi kelele mbele ya raia.

Akataka kumshika. Nikamwambia mshike chini ya tumbo, usimbane, usiende kichwani. Akaenda kichwani. Namba 7 akatikisa mkia, kingi akiogopa anatikisa mkia ukigonga boksi unasikia tatatata, mwenye taa akapiga ukelele akaruka na taa yake mpaka kwenye mabeseni ya panya, na namba 7 akafanya alichojaliwa, akamwaga kila kitu alichokuwa nacho kwenye lile shati. Kimya. Halafu bwana akauliza kwa sauti ndogo, sasa hii ina sumu? Banange. Eti mavi ya nyoka yana sumu! Nikampa maji na sabuni. Wakati anasugua ananiambia kwao kuna mzee alisema ukifuga mweusi asiye na doa pesa haikauki nyumbani, ndo maana ile 26 inamsumbua. Kumbe. Saa nzima naeleza magamba kumbe mwenzangu anaongea mambo mengine kabisa.

Nikauliza kibali. Bosi wangu hatoi nyoka hata mmoja kwa mtu asiye na karatasi ya Mamlaka ya Wanyamapori, sisi wenyewe tunafanya kazi kwa kibali cha ufugaji na hatutaki kukipoteza kwa ajili ya video ya mtu. Hana. Hajaenda. Alidhani anachukua kama kuku. Basi tukaanza upya, kwamba arudishiwe pesa yote, kwamba apunguziwe kwa sababu ya madoa, kwamba nimtunzie mpaka awe mweusi kabisa halafu aje kwa bei ileile ya mtoto, yaani mi nimlishe miaka miwili nimfulie na shati. Nikampigia bosi, bosi akasema mwambie alete kibali ndo tuongee. Waliondoka karibu saa nane. Hakuna kilichouzwa. Panya mabeseni mawili walikuwa wametoka.

Posho, ugali wetu, ilikuwa imepoa, maharage yameota ngozi juu. Nikakamata panya tisa kati ya kumi na moja.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Nililisha watoto, vipanya vyekundu visivyo na manyoya, kimoja kimoja kwa koleo, kuna mmoja amekataa mara ya tatu, nikampakia kipanya harufu ya mjusi akakubali. Nikafua. Nikasahau kuangalia yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, na hilo ni kosa langu, giza lilipoingia yuniti zikaisha palepale na simu yangu haina hela, bosi hapokei, na kwenye sanduku la joto kuna mayai manane ya siku ya 61.

Mayai ya nyoka huyageuzi kama ya kuku, niliyawekea alama ya penseli juu siku yalipotagwa na yamekaa hivyohivyo kwenye vamikulaiti, madini mepesi ya punje punje, ambayo kwa bahati tunayo ya kwetu, inachimbwa Namekara huko mashariki karibu na Tororo, ukiilowesha inashika unyevu vizuri. Yanataka digrii 28 hivi. Yakipoa kidogo kwa muda yanavumilia, yakizidi joto yanakufa, kwa hiyo huwezi kukimbilia sigiri, jiko la mkaa, ukaiweka chini ya sanduku. Nikamwita mzee askari. Mzee anaogopa nyoka hata wa kwenye kalenda, lakini alichemsha maji kwenye sigiri yake, akaleta birika mpaka mlangoni, akaliweka chini akalisukuma ndani kwa rungu. "Mwanangu, hapo ndo mwisho wangu." Nikajaza chupa mbili, nikazifunga kwa kitenge, nikaziweka pembeni mwa mayai, natazama kipima joto, 26, 27, natoa moja, narudisha. Tulienda hivyo, mimi ndani yeye nje, anasukuma birika jingine, ananihadithia alivyoona swila Karamoja miaka hiyo akiwa kazini, hadithi ile ile ya kila wiki ila safari hii swila ameongezeka urefu.

Bosi alituma yaka saa tatu usiku na kitu. Taa ilipowaka nikaona yai la nne lina mkato. Mtoto anapasua ganda kwa kijino kidogo cha mbele ya mdomo halafu anaacha pua nje anapumzika, anaweza kukaa hivyo siku nzima, na humsaidii, bado anamalizia kiini ndani. Pua tu na kidevu. Nikachukua tochi na lenzi. Kidevu chote, yaani sehemu yote iliyokuwa nje, nilihesabu madoa manne. Nikahesabu tena nikidhani macho yamechoka. Manne.

Nikamwita mzee aje aone, akasema ataona asubuhi, kwa mbali. Nikaandika kwenye daftari: yai la 4, kidevu 4, bado hajatoka. Teksi ya mwisho mwisho nilipata siti ya mbele kwa mara ya kwanza wiki hiyo, kondakta alikuwa mwingine.