Nilivyojifunza kusema "nimekwama" kwa Kikantoni

Mwaka wangu wa kwanza Hong Kong nilikuwa nanunua vipuri vya simu Sham Shui Po, Mtaa wa Apliu, na jioni nasoma Kikantoni darasani. Siku moja mteja wangu wa Kariakoo akajitoa, mzigo nimeshauagiza. Nikaenda kumwomba mama mwenye duka anivumilie malipo. Nikamwambia kwa neno la kitabuni kwamba nimepata "co zit". Akanitazama kama anayesikiliza taarifa ya habari, kisha akauliza taratibu, "Nei zong zo baan?"

Zong baan ni kugonga ubao. Moyo ulinitulia, maana sisi hugonga mwamba. Co zit (kikwazo), sat baai (kushindwa) na kwan naan (ugumu) ni maneno sahihi kabisa, lakini ni ya gazeti, barua na hotuba. Hata Kariakoo, ukimwambia jirani "nimekabiliwa na vikwazo" atakuelewa, ila hatakuvutia kiti.

Nikaanzisha daftari: ukurasa wa kushoto maneno ya barua, wa kulia ya mtaani. Upande wa kulia ulijaa haraka. Sik baak gwo, kula kokwa za mti wa ginkgo, ndiyo kutoka kapa. Caau jau jyu, kukaanga ngisi, ni kufukuzwa kazi: ngisi hujikunja kikaangoni kama matandiko ya mfanyakazi wa zamani aliyelala palepale kazini, akiambiwa aondoke. Wanafunzi husema fei lou. Kwa sikio ni "bwana mnene", kumbe ni neno la Kiingereza, lilelile lililotupa sisi "kufeli".

Kilichonisumbua zaidi ni zo, kinachoonyesha jambo limeshatokea. Hukaa katikati ya msemo: zong zo baan, caau zo jau jyu. Nilikuwa nakibandika mwishoni, nikarekebishwa mara nyingi sana.

Kosa jingine lilikuwa kinyume cha lile la co zit dukani. Nilimwandikia mwenye nyumba barua ya kuchelewesha kodi nikatumia zong baan. Mwalimu alilikata, akaandika kwan naan juu yake. Barua za kule hufuata Kichina sanifu, hata kama mnaongea Kikantoni kutwa.

Yule mama alinipa wiki tatu. Kila nikipita aliuliza, "Gaau dim mei aa?" Umeshamaliza? Nami najibu "mei", bado. Siku nilipopata mnunuzi mwingine niliingia na fedha mkononi, nikamwahi kabla hajauliza: "Gaau dim saai!"