Nilivyolivuka Daraja la Millennium jijini London

Naanza kwa kukiri jambo ambalo wengi wa jamaa zangu hawalijui: mimi niliyekulia Dar es Salaam, na kupanda pantoni la Kigamboni tangu nikibebwa mgongoni, ni mwoga wa madaraja ya waenda kwa miguu. Maji hayanitishi. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, hulipita ndani ya daladala huku nikisinzia. Kinachonitoa jasho ni daraja jembamba ambalo nalisikia kwa nyayo zangu mwenyewe, na chanzo chake nakijua vizuri. Nikiwa na umri wa miaka tisa nilipelekwa likizo kwa mjomba wangu mkoani Morogoro, katika kijiji kilichounganishwa na shamba kwa daraja la kamba za chuma na mbao, na siku ya pili tu wavulana wa pale walisubiri nifike katikati, wakajipanga mbele na nyuma yangu, wakaanza kuliyumbisha. Hawakutumia nguvu nyingi. Waliegemea kushoto wote kwa pamoja, kisha kulia wote kwa pamoja, na kila mara daraja lilizidi kwenda mbali zaidi. Nilimaliza safari ile kwa magoti.

Sasa mtoto wa kaka yangu, ambaye alikuwa akimalizia shahada ya pili ya uhandisi wa ujenzi London, alinialika nimtembelee mwezi wa Septemba, na katika orodha yake ya matembezi jambo la kwanza lilikuwa kuvuka Mto Thames kwa miguu kupitia Daraja la Millennium. Sikumwambia kitu. Jumamosi alasiri tulipanda treni ya chini ya ardhi ya njia ya Central kutoka Stratford hadi kituo cha St Paul's, tukalizunguka kanisa kuu lenye jina hilo, tukateremka barabara ya watembea kwa miguu inayoelekea mtoni, na ghafla bila ngazi wala lango lolote nikajikuta nimeshakanyaga daraja. Hilo ndilo kosa la mtu mwoga asiyeuliza mapema: nilitarajia nguzo ndefu na kamba zinazopanda juu, kama kwenye picha za madaraja ya kuning'inia, nami nilikuwa nimejipanga kusimama chini ya nguzo hizo na kutafuta udhuru. Daraja hili halina mnara wowote. Kamba zake nane za chuma, nne kila upande, zimelazwa ubavuni karibu usawa na njia yenyewe, na katika upana wa kati wa mita 144 zinalegea kwa mita 2.3 tu, hivyo ukisimama mwanzoni unaona kama ubao mrefu uliorushwa ng'ambo ukabaki hewani.

Nilipiga hatua kama ishirini. Njia ina upana wa mita nne, watu walikuwa wengi, wengine wanasimama kupiga picha, mwendesha baiskeli mmoja anaikokota baiskeli yake, na kijana mmoja alipita mbio kando yangu, nami nikasikia, au nilidhani nimesikia, sakafu ikinijibu. Nikageuka. Sikukimbia, lakini nilirudi upande wa kanisa kwa mwendo ambao mtoto yule hajawahi kuniona nao.

"Shangazi, umesahau kitu?" aliniuliza aliponifikia.

"Nimesahau umri wangu," nikamjibu, kisha nikakaa kwenye kibaraza cha mawe nikamsimulia habari ya wavulana wa Morogoro. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alinyamaza kidogo, akaniambia jambo ambalo mwanzoni lilizidisha hofu yangu: kwamba daraja lile lile nililolikimbia liliwahi kufanya sawasawa na daraja la Morogoro, mbele ya macho ya dunia nzima.

Lilifunguliwa kwa umma Jumamosi ya tarehe 10 Juni 2000. Lilikuwa daraja la kwanza jipya kuvuka Thames katikati ya London tangu Tower Bridge ya mwaka 1894, kazi ya wahandisi wa kampuni ya Arup pamoja na ofisi ya msanifu Norman Foster na mchongaji Anthony Caro, na watu walimiminika kwa maelfu kiasi kwamba kwa wakati mmoja walifikia kama 2,000 juu yake. Likaanza kuyumba ubavu kwa ubavu, sentimita tano upande wa kusini na hadi saba hivi sehemu ya kati, na watu wakatembea wametanua miguu kama walevi, wengine wameshika reli. Jumatatu ya tarehe 12 likafungwa. Wakazi wa jiji wakalibatiza jina la daraja linaloyumba, na jina hilo halijafutika hata baada ya kufunguliwa tena tarehe 22 Februari 2002.

"Nani aliliyumbisha?" niliuliza, nikitarajia kusikia habari ya upepo au ya wahuni.

"Hakuna aliyekusudia. Ni watu waliokuwa wakitembea tu."

Maelezo yake aliyamalizia usiku ule jikoni, tukiwa tunasubiri wali uive. Mtu anapotembea, alisema, haisukumi ardhi chini peke yake. Kila anapohamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia anaisukuma kidogo ubavuni vilevile, na mzunguko huo wa kushoto na kulia huchukua takriban sekunde moja. Kila daraja nalo lina mwendo wake wa asili, kama bembea, na bahati mbaya mwendo wa ubavuni wa daraja lile ulikuwa karibu na huo wa binadamu. Likisogea kidogo tu, mtembeaji hutanua miguu na kufuatisha mpigo wake ili asipoteze mizani, bila hata kujua kwamba anafanya hivyo, na kwa kufuatisha anazidi kulisukuma. Wahandisi walipolijaribu baadaye kwa kuongeza watu kidogo kidogo kwenye sehemu ya kaskazini, daraja lilitulia hadi walipokaribia 160, na walipopita idadi hiyo kidogo tu mtikisiko ukapanda ghafla. Wavulana wa Morogoro walikuwa wamefanya kwa makusudi kile ambacho umati wa London ulikifanya bila kujua.

Nikamwuliza walilitengeneza vipi, naye akataja vizuia mtikisiko: 37 vinavyofanana na shokapu za gari, vilivyojaa kimiminika kizito, kwa ajili ya kuyumba ubavuni, na zaidi ya 50 vya aina nyingine, ambavyo ni vyuma vizito vilivyokalishwa juu ya springi kwa ajili ya kupanda na kushuka. Kazi hiyo ya ziada iligharimu paundi milioni tano, juu ya milioni 18 na ushee za ujenzi wenyewe. Nilisikiliza, nikatikisa kichwa kama anayeelewa, lakini sikuelewa. Shokapu nilizozijua mimi ni zile ambazo fundi wa Ilala huniambia zimekufa kila ninapompelekea gari.

Nilielewa nilipokuwa nimelala. Sote tuliochota maji utotoni tunajua kwamba ukibeba ndoo iliyojaa kichwani, maji hayamwagiki kwa sababu unatembea haraka au polepole, bali pale hatua zako zinapokubaliana na mchezo wa maji ndani ya ndoo. Wimbi dogo la kwanza linapewa nguvu na hatua ya pili, ya tatu, ya nne, na ghafla shingo yote imelowa. Ndiyo maana mama zetu walituwekea majani juu ya maji, tawi la mwembe au chochote kilichopatikana kisimani. Majani hayazuii ndoo isitikisike. Yanayala mawimbi yangali madogo, kabla hayajajua kukua. Niliamka nikamgongea mlango.

"Majani juu ya ndoo," nilimwambia.

"Shikamoo, shangazi," alijibu kwa usingizi, kisha akawaza kidogo. "Ndiyo. Hasa hivyo."

Siku tatu baadaye, Jumanne, niliondoka peke yangu saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Nilikuwa nimeamua mambo matatu. La kwanza, nitaanzia upande wa kusini, kwa sababu ukitokea huko kuba la kanisa la St Paul's linakukabili njia nzima, na jicho lenye kitu kikubwa cha kushika halihangaiki na maji. Basi nikapanda treni ya njia ya Jubilee hadi kituo cha Southwark, nikatembea hadi kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, ambalo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme na bado lina bomba lake la moshi lenye urefu wa mita 99. La pili, nitaenda mapema kabla ya watu. La tatu, ambalo naona ndilo lililonisaidia zaidi, nitaanza kwa kuliona daraja kutoka chini.

Maji yalikuwa yamekupwa. Watu wengi hudhani Thames ni mto wa kutiririka tu, lakini pale mjini hujaa na kukupwa kama Kivukoni, na tofauti huweza kufika mita saba. Nilisimama kwenye ukuta wa kando nikaangalia ufuko wa kokoto na matope, kisha nikainua macho. Kwa chini, daraja halina siri. Nguzo mbili mtoni zimetanua mikono kama mtu anayepokea mzigo, kamba zimepita juu ya mikono hiyo, na kati yake zipo shokapu, mirija minene ya chuma, baadhi zikionekana wazi kwa anayejua anachokitafuta. Nilizihesabu nne, nikaridhika.

Nikapanda mteremko, nikaanza. Hatua hamsini za kwanza niliziangalia nyayo zangu, na hapo nikapata rafiki nisiyemtarajia. Sakafu ya daraja ni ya alumini yenye mifereji myembamba, na katika mifereji hiyo watu wametema bazoka kwa miaka mingi. Msanii anayeitwa Ben Wilson hulala chini kifudifudi na kuvichora vibonge hivyo vilivyokauka, kimoja kimoja, kwa rangi angavu, bila kugusa daraja lenyewe. Kimoja kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba changu cha mguu, chenye anga la buluu, kitu kama nyumba, na herufi nilizoshindwa kuzisoma hadi nilipochutama. Nilikuwa nimechutama juu ya Mto Thames, nimeegemea kiganja kwenye alumini yenye umande, nikitafuta miwani. Nilipokumbuka kuogopa nilikuwa nimeshafika karibu na nguzo ya kwanza.

Sehemu ya kati sikuifurahia, sitasema uongo. Upepo wa mtoni ulinikamata, kukawa na wakimbiaji watatu waliokuja wakiwa wamepangana sambamba, na nikasimama, nikaweka kiganja kwenye reli, nikasubiri. Palikuwa na mtetemo mdogo sana, kama wa friji iliyo chumba cha pili, ukaja na ukafa. Nilisubiri urudi ukiwa mkubwa zaidi, kama ulivyorudi kule Morogoro. Haukurudi. Majani yalikuwa kazini.

Nilifika ng'ambo kwa hatua 512, nikampigia simu mtoto wa kaka yangu. Alikuwa anakunywa chai. Alifurahi kiasi cha kunipa hadithi nyingine bila kuombwa: kwamba Oktoba 2023 daraja lilipofungwa kwa matengenezo, wenye dhamana walining'iniza robota la majani makavu chini yake, kwa sababu sheria ndogo ya kale ya mto inadai hivyo kila nafasi ya vyombo kupita chini ya daraja inapopungua, ili manahodha waone na kujihadhari. Nilidhani ananitania kwa sababu ya majani yangu ya ndoo, nikamwambia anionyeshe picha nikirudi, naye akanionyesha.

Jumamosi iliyofuata tulivuka pamoja, saa tisa alasiri, katika msongamano ule ule ulionirudisha mara ya kwanza. Alitaka kunishika mkono, nikamkatalia, kisha tulipofika katikati nikaushika mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimemwona Ben Wilson, au mtu aliyelala kifudifudi kwa namna yake, na nilitaka tupite pole tusimkanyage.