Keji ya Mabomba na Mikanda ya Usalama Ndani ya Gari Langu la Mashindano

Subaru Impreza yangu ipo gereji Mwanakwerekwe, hapa Unguja, imeondolewa viti, zulia na dashibodi, kwa sababu niliamua isipakiwe melini kwenda kushindana Bara kabla ya kufungwa keji ya mabomba itakayolizuia paa lisimbonyee dereva pale gari linapobingirika.

Fundi wangu, mzee ambaye bado huniita mwanangu, alianza kwa kuniletea mabomba yanayotumika kutengenezea mageti. Mabomba hayo ni bati la chuma lililokunjwa na kuungwa kwa mshono wa urefu mzima, ilhali kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinataka bomba lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, na upinde mkuu ulio nyuma ya dereva uwe na kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa milimita 2.5, au 50 kwa 2. Ukunjaji nao una sharti lake. Mzee amezoea kulijaza bomba mchanga na kulipasha moto, na kona zake hutoka nzuri, lakini bomba la keji hukunjwa baridi, kwa mashine, na nusukipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba lenyewe. Kwa hiyo tulichukua umbo la bodi kwa waya mnene, tukaupeleka waya huo Dar es Salaam kwa boti, na mabomba yakarudi yamekunjwa.

Uchomeleaji ndipo nilipomvulia kofia mzee. Kila kiungo lazima kichomelewe mzunguko mzima, na bomba likishakaa karibu na paa, upande wa juu haufikiki. Yeye aliisimamisha keji chini kwanza, miguu ikiwa juu ya sakafu tupu, akapata nafasi ya kiganja chini ya paa na kuchomelea viungo vyote vya juu. Kisha tukaiinua yote kwa jeki na kuingiza maboksi ya chuma chini ya miguu, juu ya sahani za unene wa milimita 3 zinazotawanya uzito kwenye bodi. Jioni hiyohiyo tulipaka rangi ya kuzuia kutu, kwani kwa hewa yetu ya chumvi chuma kitupu hakilali salama hata usiku mmoja.

Mikanda ilinifunza kwa uchungu zaidi. Mara ya kwanza niliifunga ile ya mabega sakafuni, nyuma ya kiti, nikiamini kwamba penye bolti imara panatosha. Nilipokaa na kuikaza, nilihisi inanikandamiza mabega kwenda chini, nikaelewa kwamba gari likigonga mbele, nguvu hiyo yote itashuka kwenye uti wa mgongo wangu. Mikanda ya mabega inatakiwa irudi nyuma, isishuke zaidi ya nyuzi 45 kutoka usawa wa ulalo, na inapendekezwa isizidi nyuzi 10. Tuliifungua, tukachomelea bomba la kukingama kwenye upinde mkuu, na sasa mikanda inazungushwa hapo. Mkanda wa kiunoni nao nimeushusha hadi kwenye mkunjo wa paja na nyonga, kwa kuwa ukipanda tumboni unaweza kupasua viungo vya ndani, na ile miwili ya mapajani ndiyo inayouzuia usipande.

Juzi nilivaa helmeti, nikafunga mikanda yote na kumwomba mzee aikaze hadi nisiweze kuinama. Kichwa kilifika kwenye bomba la ubavuni, kwa hiyo tumelivika sponji ngumu. Swichi ya kukata umeme, iliyokuwa mahali pazuri kabisa kabla ya mikanda, mkono wangu haukuifikia. Tumeisogeza katikati, kando ya gia, na nimeshaijaribu kwa mikono yote miwili, macho yakiwa yamefumbwa.