Kiganja kimoja cha udongo hakitoshi

Tangu mapigano ya Januari 2025 yaingie Goma, wakulima wa upande wa Mugunga na Sake huniuliza, kwa kuwa wanajua ninafundisha kemia, iwapo mahali bomu lilipoangukia panafaa tena kupandwa maharagwe. Swali hilo linastahili kujibiwa kwa vipimo, lakini vipimo vyenyewe mara nyingi huharibika kabla udongo haujafika maabara.

TNT na RDX, kemikali za kulipuka zinazojazwa ndani ya mabomu, hazienei sawasawa ardhini, bali hubaki kama punje zilizotapakaa huku na kule. Bomu lililolipuka vizuri huteketeza karibu kilipuzi chake chote. Lile lililopasuka nusunusu ndilo la kuhofiwa zaidi, kwa sababu hurusha vipande vya kilipuzi visivyoungua, hata sampuli mbili zilizochotwa hatua moja tu kutoka moja hadi nyingine zikatofautiana mara mia. Ndiyo maana njia iitwayo 8330B, iliyotolewa na Shirika la Mazingira la Marekani mwaka 2006, hutaka udongo wa juu uchotwe kidogo kidogo katika sehemu 30 au zaidi za eneo zima, kisha uchanganywe uwe sampuli moja ya kilo moja hivi.

Hapa kwetu udongo ni mwembamba juu ya mwamba wa lava, na mchotaji huvutwa kwenda penye kina pekee. Asikubali: sehemu za kuchota zipangwe kabla ya kuingia shambani, na asiingie yeyote kabla wategua mabomu hawajapasafisha.

Udongo ukaushwe kivulini, kwani mwanga huivunja TNT, uchekechwe kwa chekecheo la milimita 2, kisha usagwe hadi uwe unga laini. Naisisitiza hatua hii ya kusaga, maana bila hiyo gramu 10 zinazolowekwa katika asetonitraili, kimiminika cha kuyeyushia vilipuzi ili vipimwe, zinaweza kukosa punje zote, au kubeba punje moja kubwa ikatia kijiji kizima hofu.

Tena maabara isiombwe kupima TNT peke yake. TNT hushikamana na mboji, ilhali RDX hushuka na mvua, na lava yetu yenye nyufa haizuii maji. Kwa hiyo shamba linapopimwa, maji ya chemchemi iliyo chini yake yapimwe pia.