Seva ya kiwandani au ya kuunganisha mwenyewe?

Mteja anayetafuta seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine za ofisi, kwa kawaida huja na proforma mbili mkononi. Ya kwanza ni ya seva iliyounganishwa tayari kiwandani, Dell PowerEdge au HPE ProLiant. Ya pili ni ya fundi anayeahidi kununua prosesa, ubao mama, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na diski, kisha kuviunganisha mwenyewe kwa gharama nafuu. Wengi hutaka nilinganishe bei. Mimi huwaomba kwanza wanieleze ni nani atakayeifungua seva hiyo siku itakapozima katikati ya saa za kazi, na kipuri atakitoa wapi, kwa sababu jibu hilo lina uzito kuliko tofauti ya bei iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kwa shule, zahanati au SACCOS yenye seva moja na isiyo na fundi wa kudumu, msimamo wangu ni kununua seva ya kiwandani, hata kama fedha zilizopo zinatosha kwa iliyotumika tu. Nyingi zina nafasi ya pawa saplai mbili: moja ikifa, nyingine hubeba mzigo wote, na mpya huchomekwa bila kuzima chochote. Dell huweka rangi ya chungwa kwenye kitasa cha kifaa kinachoweza kuchomolewa mashine ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo hata mhasibu anayeelekezwa kwa simu anaweza kubonyeza kitasa hicho, kuivuta iliyokufa na kuisukuma mpya mpaka isikike ikijifunga. Penye umeme unaokatika na kurudi ghafla, jambo hili ni kubwa.

La pili ni usimamizi wa mbali. Ndani ya seva hizi kuna kompyuta ndogo yenye tundu lake la mtandao, iDRAC kwa Dell na iLO kwa HPE, ambayo hubaki hai hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, ilimradi waya wa umeme umechomekwa. Fundi aliye Dar es Salaam anaweza kuiwasha seva iliyoko Kigoma, kusoma joto lake na kuona diski ipi imeharibika kabla hajakata tiketi.

Anayetaka kuunganisha mwenyewe anaweza kuyapata haya yote, ila lazima ayachague kwa makusudi. Kampuni ya Supermicro huuza bao mama za seva zenye usimamizi wa mbali, na kasha lenye pawa saplai mbili linapatikana. Fundi wengi hupunguza gharama hapo hapo: huweka ubao wa kompyuta ya mezani na RAM ya kawaida, kisha wanaiita seva. Mimi siwezi kukubali RAM ya kawaida kwenye mashine inayotunza akaunti za watu. RAM ya ECC, yaani inayosahihisha makosa yake yenyewe, ya aina ya DDR4 huhifadhi biti 8 za ziada kwa kila biti 64, na kwa hizo hurekebisha kosa la biti moja na kugundua la biti mbili. Mwaka 2009, utafiti uliofanyika kwenye seva za Google ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya kadi za RAM zilipata hitilafu katika mwaka mmoja. Bila ECC, kosa kama hilo linaweza kuandikwa kwenye diski, na baadaye kwenye nakala ya akiba, bila onyo lolote. Tena kuna ECC za namna mbili: ile ya rejista (chipu ya ziada inayopitisha amri kwenda kwenye kumbukumbu), inayouzwa kwa bei ya chini sokoni kwa sababu imetolewa kwenye seva za zamani, haifanyi kazi kwenye ubao unaohitaji isiyo na rejista.

Seva za kampuni kubwa nazo zina vikwazo vyake, na muuzaji hatavitaja. Ubao mama na pawa saplai mara nyingi vina umbo la kampuni hiyo pekee, kwa hiyo huwezi kuweka cha mtengenezaji mwingine. Kuona skrini ya seva ukiwa mbali mara nyingi huhitaji leseni ya ziada. Tangu mwaka 2014, HP (sasa HPE kwa upande wa seva) ilianza kudai dhamana hai au mkataba wa huduma kwa anayetaka kupakua baadhi ya masasisho ya ProLiant, na anayenunua iliyotumika aliulizie hilo mapema.

Kuunganisha mwenyewe kunalipa pale mashine zinapokuwa nyingi za namna moja na mafundi wapo. Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za wateja, ilichapisha mwaka 2009 mchoro wa seva yake yenye diski 45 na ujazo wa terabaiti 67 kwa dola 7,867, bei ambayo kampuni kubwa hazikuikaribia wakati huo. Lakini mwaka 2022 ilieleza kwamba imeacha kuziunda na inanunua kwa Dell, kwa kuwa tofauti ya bei ilikuwa imeyeyuka.

Ukiamua kuunganisha, nunua pawa saplai moja, diski moja na kadi moja ya RAM za akiba siku hiyo hiyo na uzifungie kabatini. Ukinunua ya kiwandani, mtake muuzaji aandike kwenye mkataba kama vipuri viko nchini au vitaagizwa kutoka Dubai, na kwa muda gani.