Kidonda kisichopona: ninavyokagua ngozi ya mtu mwenye ualbino

Naanzia nyuma ya masikio. Uso huvuta macho kwa sababu una madoa mengi, lakini katika kliniki za ngozi vijijini saratani mbaya nimezikuta zaidi mahali ambapo kapelo haifiki: sikioni na kisogoni. Mdomo wa chini nao huumia, kwa kuwa hupigwa na jua moja kwa moja na hakuna anayekumbuka kuupaka kitu. Kwa hiyo kofia inavuliwa, ukosi unafunguliwa, na kabla ya kuwasha taa napapasa kwa ncha za vidole.

Ngozi isiyo na melanini (rangi ya asili inayoikinga na jua) ya kutosha ikishaharibiwa na jua hukwaruza kama msasa, hata pale doa lisipoonekana vizuri. Si kila doa la namna hiyo litageuka saratani, ila huwezi kujua ni lipi, basi nayatibu yote. Yakiwa machache napuliza naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, sekunde 5 hadi 10 kila doa. “Mama, kesho patatoka lengelenge, usilitumbue.” Yakiwa mengi natoa krimu ya fluorourasili, dawa inayoua seli zilizoharibika, ya asilimia 5, mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Hapo ndipo wengi hukwama. Kufikia wiki ya pili uso unawaka na kuchubuka, mtu anaitupa krimu akidhani imemdhuru, kumbe ndiyo kwanza inafanya kazi. Hilo nalieleza siku ya kwanza, tena mbele ya ndugu yake.

Kidonda kilichopita wiki 4 bila kupona, chenye kingo ngumu zilizoinuka, kinachovuja damu kikiguswa, sikiandikii tena antibayotiki. Nachukua kinyama kikapimwe. Kosa linaloumiza wagonjwa, nami nimelifanya, ni kukichukua katikati ya kidonda. Katikati kuna nyama iliyokufa na usaha. Maabara inajibu kwamba ni maambukizi tu, mtu anarudi shambani na saratani yake. Nachoma ganzi, natoa kipande cha milimita 4 pale ukingoni, kikishika ugumu na ngozi yenye afya kwa pamoja, hadi kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Kinaingia kwenye formalini, maji ya dawa yanayozuia nyama isioze, ya asilimia 10, yenye ujazo mara 10 ya kipande. Jina naliandika kwenye chupa, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mezani.

Bado shingo. Napapasa chini ya taya na mbele ya sikio nikitafuta tezi ngumu isiyouma. Isipokuwepo, saratani ndogo ya seli bapa (seli za tabaka la juu la ngozi), ambayo ndiyo tunayoikuta zaidi kwa watu wenye ualbino, hukatwa pamoja na milimita 4 hadi 6 za ngozi yenye afya kuizunguka, na wengi hupona kabisa. Kipande hufungwa uzi upande wa juu, ili maabara ikikuta seli za saratani zimefika ukingoni, tujue turudie kukata upande gani. Iliyofika kwenye tezi au mfupa huhitaji upasuaji mkubwa, mionzi au vyote viwili, kama pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi huweza kuchukua wiki kadhaa, siku 5 kila wiki. Kabla ya kuandika rufaa nauliza atalala kwa nani mjini, kwa sababu asiye na mwenyeji hukatisha dozi katikati.

Mafuta ya kuzuia jua, kama Kilisun ya Moshi iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, watu huyapaka kwa kubana wakihofia yataisha. Uso, masikio na shingo huhitaji kijiko kizima cha chai, dakika 20 kabla ya kutoka, na kurudia kila saa 2. Kofia iwe na ukingo wa sentimita 7 au zaidi pande zote. Jembe lishikwe alfajiri. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni ni kivulini.

Tunaonana tena baada ya miezi 6, au 3 kwa aliyewahi kuugua saratani. Kisogo chake mtu hakioni, hivyo namwita aliyemsindikiza, nashika kidole chake na kukipitisha juu ya doa lenye mkwaruzo, mara mbili tatu, mpaka aseme ameusikia.